Maji ya Pijo ya Baba

Harufu ya mvua iliingia kijijini Mkunya mwezi wa tisa, jua likiwa la kuchoma na mbingu nyeupe pee, na Huruma akatoka mbio na ndoo mkononi. Hakuwa peke yake. Majirani nao walikuwa wamesimama uani, shingo juu. Kwenye nchi hii ya kukinga maji ya bati, mtu akinusa harufu ile haulizi mara mbili. Lakini hakukuwa na wingu hata la dawa, na Huruma alipoifuata harufu yenyewe kwa pua, ilimpeleka moja kwa moja kwenye boneti ya Pijo.

Pijo 404 ile, pikapu kuukuu yenye rangi ya chai ya maziwa, aliachiwa na marehemu baba yake, Mzee Arthur, aliyekuwa msomaji kanisani na mbishi wa kupigiwa mfano. Huruma aliitumia kubebea vitambaa na sare za shule kutoka Masasi hadi dukani kwake Newala. Ila yake ilikuwa moja. Ikiupanda mlima ilichemka, na ikifika kwenye kona yenye jiwe kubwa lililopasuliwa ilitema maji barabarani kupitia kimpira cha rejeta. Ndivyo ilivyotoka kiwandani, maana magari ya zamani hayakuwa na pa kuwekea maji yanayofurika. Sasa Huruma, mwanamke aliyesuuzia mboga maji, akaoshea sufuria hayo hayo, kisha yaliyobaki akaupa mpapai, angevumilia vipi kuona maji yakimwagika kwenye lami hivi hivi?

Basi akaenda kwa fundi Sadallah, kule Masasi.

"Mama Ethel, hili dogo," Sadallah alisema, akijifuta mikono. "Nakufungia tenki la akiba. Rejeta ikichemka, maji yanaingia kwenye tenki. Ikipoa, inayafyonza yenyewe yanarudi."

"Hakuna yatakayomwagika?"

"Hata tone."

Alimfungia tenki la plastiki alilolichomoa kwenye Toyota bovu, akambadilishia mfuniko wa rejeta, akauzamisha mpira hadi chini kabisa ya tenki ili gari linywe maji badala ya hewa. Siku ile Pijo ilipita kwenye kona bila kuacha hata unyevu. Huruma aliimba nyimbo za kwaya hadi nyumbani.

Kesho yake ndiyo ikaja ile harufu ya mvua. Alipofungua boneti, tenki lilikuwa kavu, na ndani limeota vumbi. Alilala chini kutafuta panapovuja, asione kitu. Akalijaza. Jioni, wakati anasonga ugali, akasikia sauti uani: glu, glu, glu, kama mtu aliyeshinda na kiu kutwa nzima anakunywa. Injini ilikuwa imepoa tangu asubuhi.

"Baba Ethel," alimnong'oneza mumewe, Vitalis. "Unasikia?"

"Rejeta inafyonza. Si ndicho ulichokilipia?" Vitalis alicheka, lakini aliinuka akafunga mlango.

Halafu mtungi wa kunywa ukakutwa mtupu na kata imelala kifudifudi sakafuni. Ndoo ya jikoni nayo. Kisima chao cha maji ya mvua, ambacho Huruma alikipima kwa kamba na kujua kitawafikisha Desemba, kikaanza kushuka kwa mkupuo, na kila kiliposhuka kuta zake zilikauka hapo hapo kama zilizopanguswa kwa kitambaa. Huruma alilia kwa hasira. Alidhani ni wezi.

Kisha Ethel, binti yao wa pekee wa miaka sita, akaanza kuomba maji. Alikunywa kikombe, akanywa jagi, akanywa hadi tumbo likavimba, na bado midomo ilipasuka na ulimi ukawa mweupe, na alipolia hakutoka chozi. Hospitali walimpima malaria, wakampima sukari, wasione kitu, wakamtundikia dripu; na Huruma, aliyekuwa amekaa kando ya kitanda mchana kweupe huku watu wakipita na mabakuli ya uji, aliitazama ile chupa ikishuka, si tone kwa tone bali kwa mkupuo, ikajikunja, ikanywea kama mfuko unaofyonzwa, na chini ya kitanda akasikia glu, glu, glu, na harufu ya mvua ikajaa wodini hata mama wa kitanda cha pili akageuka dirishani akasema, jamani, afadhali inyeshe.

Huruma alimbeba mwanawe mgongoni, akatoka naye hospitali. Alikuwa mwepesi kuliko kanga iliyomfunga.

"Twende kwa Bi Faidha," Vitalis alisema kwa sauti ya chini. Yeye, mzee wa kanisa! Bi Faidha alikuwa akisomea watu waliopandwa na majini. "Padri nitamweleza mwenyewe."

Bi Faidha alikuja uani kwao, akaitikia shikamoo zao, lakini hakuingia ndani. Aliizunguka Pijo akinusa.

"Mmefunga nini humu?"

"Tenki la akiba, bibi. Ilikuwa inamwaga maji."

"Inamwagia wapi?"

"Kwenye kona, pale kwenye jiwe lililopasuliwa."

Yule bibi akaacha kunusa. "Pale palikuwa na chemchemi. Walipopasua jiwe wapitishe barabara, maji yakakata. Mwenye chemchemi hakuondoka. Sasa nani alikuwa akimnywesha?"

Huruma akakumbuka. Alimwona baba yake, kofia mkononi, akisimamisha gari kwenye kona ile kila safari, hata siku za baridi, akifungua boneti na kusema taratibu, "Haya, kunywa." Yeye na watoto wenzake, nyuma ya pikapu, walicheka. Walidhani anaongea na gari.

"Mfukuze, bibi," Huruma aliomba. "Msomee atoke."

"Simfukuzi. Huyu hajavamia mtu. Mmemfungia maji yake, ameyafuata." Akamgusa Ethel midomo. "Na maji ya mtu ni matamu kuliko ya rejeta. Harakisheni."

Huruma alishika bisibisi mwenyewe. Alichomoa mpira, akaling'oa tenki, akarudisha mfuniko wa zamani, wakashuka hadi chini ya mlima wakageuza, Ethel akiwa amelala mapajani kwa Bi Faidha, macho nusu wazi. Pijo ilipanda ikiunguruma. Sindano ya joto ikaingia kwenye nyekundu. Penye kona Huruma alisimama, akafungua boneti, mvuke ukamrukia usoni, na maji yakatoka kwa kishindo hadi kwenye lami. Alifikiria kanisa, akamfikiria baba. Akasema, "Haya, kunywa."

Maji hayakuteremka. Yalipanda mlima, membamba, yakivuka barabara polepole hadi kwenye jiwe, yakaingia kwenye ufa.

Garini Ethel alipiga chafya. "Mama," alisema, "nataka ugali." Na machozi yakamtoka. Huruma alipoyaona yanateremka mashavuni kwa mwanawe, alikaa chini barabarani akalia naye.

Tangu siku ile alisimama kila safari. Madereva wa mabasi walimpigia honi, wakamtania kwamba amerithi gari pamoja na ubishi. Hakujali. Ethel alinenepa, na kisima kikatulia.

Shule zilipokaribia kufunguliwa, mvua zikiwa zimechelewa, walikuwa wanatoka Masasi na marobota ya sare na madumu ya maji ya kununua. Penye kona Huruma alifungua boneti, Pijo ikatema, akasema yale maneno. Maji yakapanda yakaingia kwenye ufa. Akafunga boneti, akakaa kwenye usukani.

"Mama, usiondoke," Ethel alisema. Alikuwa akilitazama jiwe. "Anasema bado."

Huruma hakuuliza nani. Alishusha dumu, akalimimina lote. Harufu ya mvua ilipanda hadi ndani ya gari.

"Sasa?"

"Bado. Anasema leo amekuja na wenzake."

Alimimina la pili. Akamimina la tatu, la mwisho, akageuka kumtazama mwanawe dirishani. Midomo ya Ethel ilikuwa imeanza kupauka.