Nguo Zilizoziba Njia Panda

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alimsaidia mama yake kutundika nguo za mitumba kwenye kona ya njia panda. Magauni yalikaa nyuma, mashuka yakaning'inia mbele, hadi ukingoni mwa barabara. Jina la Chiriku alipewa na majirani, kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika.

Siku hiyo muuza mikate alipita na baiskeli yake, akamwona ameuma vibanio vya nguo.

"Chiriku, leo kelele zako umeziacha kitandani?" alimtania.

Aliingia barabarani kabla hajajibiwa, na papo hapo gari dogo la mizigo likakata kona. Breki zililia. Mikate ikatawanyika, na muuza mikate akalala barabarani, mguu umepinda vibaya.

"Sikumwona," dereva alirudia. "Jamani, sikumwona."

"Hawa wapanda baiskeli wana haraka ya nini?" watu walinung'unika. Mama naye akatikisa kichwa kukubali.

Kutwa nzima darasani Chiriku hakufungua kinywa. Maneno ya dereva yalikuwa yamemkaa moyoni. Alipotoka shule, alisimama pembeni, pale gari lilipotokea, akatazama. Aliona mashuka tu. Baiskeli moja ilikuja, naye hakuiona mpaka ilipochomoza mbele yake.

"Mama, ni nguo zetu," alisema jioni.

Mama aliacha kukunja. "Nguo zimemgonga mtu?"

"Zilimficha."

"Kona hii ndiyo inayotulisha. Nikihamia kule nyuma, nani ataniona?"

"Na muuza mikate, mama, nani alimwona?"

Mama alimkazia macho, kisha akaendelea kukunja.

Kulipokucha, Chiriku alimkuta mama amesimama pale pale aliposimama yeye jana, mkono shavuni. Aliporudi kwenye nguo, mama alisema tu, "Shika kamba upande huo. Tunahama."

Wateja walipungua. Hata hivyo mama alimtafuta yule dereva, wakaenda pamoja kwa wahandisi wa barabara kueleza yaliyotokea. Baada ya kufuatilia sana, mafundi walikuja wakajenga tuta, wakachora kivuko, na kusimika nguzo fupi ili kona isizibwe tena.

Muuza mikate alirudi kutoka kwenye matibabu akichechemea, akiikokota baiskeli. Mama alimfuata.

"Kaka, nilikulaumu na huna kosa. Nguo zangu ndizo zilizokuficha. Nisamehe."

Muuza mikate aliugusa mguu wake. "Mguu huu hautakuwa kama zamani, dada," alisema. "Lakini umekuja kuniambia mwenyewe. Nimekusamehe."

Akavuka polepole, na magari yakamsubiri.

Mama alimshika Chiriku bega. "Ukweli ni mchungu, mwanangu, na ule wa nyumbani kwako huchoma zaidi. Ningekunyamazisha, kesho angelala mwingine pale. Barabara ni ya wote. Anayeiziba kwa faida yake anamtegea mwenzake mtego."