Kamba za Kufungia Marobota

Ndugu zangu mnaokuja hapa Guangzhou, China, kununua bidhaa, nisikilizeni. Haya nayasema nikiwa nimeinamisha kichwa, maana nami nilikuwepo.

Mwaka 1998 Revocatus na mkewe Albina walipanga chumba karibu na barabara ya Guangyuan Xilu, wakinunua bidhaa za kuuza kwao. Nyumba yao ilikuwa na amani. Mimi, Maulid, mkalimani wao, nilizoea kula pale kila Jumapili, Albina akipakua wali huku mumewe akimtania. Bidhaa zao zilikwenda nyumbani, kwenye mji mmoja wa machimbo ya vito, katika nchi kame kama jangwa. Huko hakuoti kitu. Kila kitu huletwa, hata maji huuzwa kwa ndoo, na anayeleta ndiye anayeamua watu watumie nini. Josphat, kaka yake Albina, alikuwa mchimbaji huko huko.

Wachimbaji wakaagiza kamba za kushukia mashimoni. Tukaenda dukani mimi na Revocatus. Mwenye duka, mama wa makamo, akatutolea kamba nene, nzito. Revocatus akaiona ghali, akashika nyingine nyembamba, inayong'aa.

Yule mama akatikisa kichwa. Nikatafsiri: "Anasema hiyo ni ya kufungia marobota. Haibebi mtu."

"Mwambie naitaka hiyo hiyo," akasema Revocatus. "Kule hawajui tofauti. Na wakikataa yangu, watanunua ya nani?"

Nikacheka. Ndiyo, nilicheka, nikapokea ujira wangu.

Miezi mitano baadaye, Jumapili, tukiwa tunamsubiri tule, Albina alirudi kutoka kibanda cha simu akiwa amejiziba mdomo kwa kanga.

"Josphat ameanguka shimoni. Kamba imekatika. Yu hai, lakini miguu haina hisia." Akamkazia macho mumewe. "Zile kamba mpya ni zetu?"

"Labda aliifunga vibaya," Revocatus akajibu.

Albina akanigeukia. "Shemeji Maulid, wewe ulikuwa naye. Sema."

Nilitamani sakafu inimeze. Nikasema yote, hata kicheko changu.

Hakupiga kelele. "Mama wa watu, asiyemjua ndugu yangu, alimhurumia," alisema. "Nyinyi mnaokula mezani kwangu mkamuuza." Wiki ile ile akarudi kumuuguza kaka yake.

Revocatus alimfuata. Alisimama mbele ya wachimbaji, akakiri, akazikusanya kamba zote zilizobaki na kuzichoma. Walimzomea, mmoja akamtemea mate, naye hakujifuta. Josphat hajasimama mpaka leo. Revocatus humpelekea maji kila asubuhi; Albina huyapokea mlangoni, wala hamkaribishi ndani.

FUNZO

Usimuuzie mtu wa mbali kitu ambacho usingempa mwanao akitumie. Mji unaoishi kwa vya kuletewa hauna pa kukimbilia, na tamaa ya mfanyabiashara mmoja yaweza kuuangamiza. Nawe unayeona hila ukanyamaza kwa kuwa umelipwa, usijidanganye kuwa humo katika hatia hiyo. Mimi nimo, na aibu yake naijua.