Gunia Lililoliwa

"Saba Mbili, lori ni Bedford ya kijani. Usipige risasi. Chupa ni moja tu. Over."

"Nimekupata. Over."

Afisa Musyoka aliitupa redio yake ya Motorola kitini na kukanyaga mafuta. Peugeot 504 ilinguruma. Sultan Hamud ilikuwa kilomita mbili mbele.

Kando yake alikaa Daktari Mumbua. Miaka sita alichimba udongo nyuma ya machinjio ya kuku ya Kabati, mpaka akapata bakteria wanaokula manyoya. Yale malundo yaliyokuwa yakinuka na kuziba mitaro yangegeuzwa chakula cha mifugo. Wiki iliyopita mtu aliingia maabara, akamwaga kila kitu, akabeba chupa moja ya bakteria hao. Mnunuzi wa kigeni alikuwa akiingoja Mombasa. Ikivuka bahari, Wakamba wangeuziwa udongo wao wenyewe.

Mlango haukuvunjwa. Ulifunguliwa kwa ufunguo, na jambo hilo lilimnyima Musyoka usingizi.

"Funguo zilikuwa ngapi?"

"Mbili. Wangu na wa Mulei wa stoo. Umeniuliza mara tatu."

"Nitauliza ya nne."

Bedford ilikuwa kwenye kituo cha petroli. Mulei mwenyewe alikuwa juu ya magunia.

Bastola ya Browning ikatoka.

"Shuka."

"Aai, afande! Mimi nabeba tu manyoya ya kutengeneza mito!"

Musyoka aliyashusha magunia moja moja. Mepesi. Mepesi. La tisa lilikuwa limenywea, zito, likidondosha maji ya kijivu. Lilinuka mkojo. Ndani, vipande vya kioo.

Mulei akacheka.

"Nilificha chupa hapo ndio isigongwe. Ikapasukia mjini Wote, hiyo barabara ni mbaya. Nimengoja simu ya mzungu siku tano bure. Sasa hakuna chupa, hakuna kesi!"

Mumbua alikuwa ameinamia gunia, mabega yakitikisika. Je, alikuwa akilia, au akificha kitu? Bastola ilisogea kidogo upande wake.

Daktari aliinua uso. Alikuwa anacheka mpaka machozi.

"Manyoya yako wapi, Mulei?"

"Si hayo... yameoza."

"Yameliwa! Miaka kumi umekaa stoo, hukuwahi kuuliza tunafanya nini ndani ya maabara. Umewaweka bakteria kwenye chakula chao. Wako hai, wamejaa gunia zima!"

Mulei alichungulia ndani ya gunia.

Musyoka alimfunga pingu, akainua Motorola.

"Chupa imevunjika. Mzigo uko salama. Over."

"Na mnunuzi? Over."

"Mulei atanionyesha mlango wake. Tunapanda treni ya Mombasa. Over."

Gunia lilipakiwa kiti cha mbele cha Peugeot, likidondosha. Musyoka alilitazama, aibu ikamshika. Akamnyooshea Mumbua ufunguo wa gari alirudishe maabara.

"Nilikushuku, daktari. Nisamehe."

"Na ile mara ya nne?"

"Sina swali."

Akavaa miwani yake ya Ray-Ban, akamsukuma Mulei mbele, wakaelekea stesheni kwa miguu.