Nani Anawe Kwanza

Kila asubuhi ilimchukua Barnabas muda kidogo kukumbuka yuko wapi. Alifumbua macho, akaona dirisha refu la mbao, akamwona Zaki, kijana wa nyumba ile, amesharudi msikitini na anavua kanzu avae sare ya shule, ndipo akili ikamrudia. Yuko Mombasa, Mji wa Kale, nyumbani kwa Babu Yeslam, na kwao Bungoma ni safari ya mchana na usiku.

Alikuwa na miaka kumi na minne. Shule yake na shule moja ya Mombasa zilikubaliana kubadilishana wanafunzi kwa muhula mmoja, na katika Gredi ya Tisa nzima akachaguliwa yeye. Mwisho wa muhula familia iliyompokea ingeandika barua kueleza alivyoishi nao, na barua hiyo ingesomwa mbele ya wazazi wote. Mama yake, muuza mboga, alikuwa ameshawaambia nusu ya soko waje wasikilize. Sasa mnaelewa kwa nini kijana huyu alikuwa akitembea katika nyumba ya watu kwa tahadhari, kama aliyebeba trei ya mayai.

Mambo ya kumchanganya hayakuwa haba. Zaki, ambaye ni rika lake, alimsalimia babu yake kwa kuubusu mkono. Barnabas naye akanyoosha mkono kusalimia, akakumbuka kubusu, akachelewa, paji la uso likagonga kidole cha mzee. Viatu vilivuliwa chini ya ngazi, lakini vya msalani vilikuwa vingine, na vya ghorofani vingine tena. Shuleni, kule upande wa Buxton, alimuuliza mwenzake habari moja tu, akaulizwa habari za nyumbani, za wazee, za afya na za tangu juzi, hata akasahau alichotaka kusema. Usiku alilala kichwa kimejaa maswali, na hakumuuliza mtu hata moja. Aliogopa kuonekana hajafundishwa kwao.

Lakini hayo yote yalikuwa afadhali. Kilichomtesa kilikuwa chakula cha jioni.

Siku ya kuondoka, mama yake alimshika bega kituoni akamwambia maneno mawili. La kwanza, asiache chakula cha watu. La pili, asinyanyuke kabla ya wakubwa, kwa kuwa mtoto anayewaacha wazee wakila amelelewa na nani? Barnabas aliyashika maneno hayo kwa mikono miwili.

Nyumba hii watu walikula pamoja kwenye sinia moja, wamekaa juu ya mkeka. Baba yake Zaki alikuwa kazini Mbaraki kila jioni, kwa hiyo sinia la wanaume lilikuwa la watu watatu: Babu Yeslam, Zaki na Barnabas. Mama yake Zaki, Bi Alawiya, alikula jikoni na binti yake mdogo, Duha. Walipokwisha kula, Duha alikuja na birika na bakuli, watu wakanawa, na kunawa ndiko kumaliza.

Jioni ya kwanza ulikuwa wali wa nazi na samaki wa kupaka. Babu Yeslam, mzee mwembamba aliyeuza kanga Biashara Street miaka arubaini, alimega samaki palipo na nyama nzuri, akaisukuma upande wa mgeni. Akasema, "Tia mkono, mwanangu." Barnabas alitia mkono, akala, akashiba. Akamtazama mzee. Mzee anakula. Basi naye akaendelea. Baada ya muda akatazama tena, mzee bado anakula, tonge ndogo ndogo, taratibu, wala hana dalili ya kunawa. Zaki naye anakula, ingawa anahema. Barnabas akasukuma tonge juu ya tonge mpaka sinia likabaki linang'aa, ndipo Babu akamwita Duha.

Jikoni, Bi Alawiya aliliona sinia tupu akasikitika. Alijua wazi kwamba chakula hakikutosha, na mgeni amelala na njaa. Kesho yake akaongeza mchele. Sinia likarudi tupu. Kesho kutwa akaongeza tena, na juu yake akaleta kaimati zinazochuruzika shira.

Mambo yakaenda hivyo wiki tatu. Barnabas alifungua tundu la mkanda, kisha la pili. Alilala chali kwa sababu ubavu haukumruhusu. Shuleni, Zaki alikuwa amewasimulia wenzake, na wakampa jina la Bwana Sinia. Walimtania kwa mapenzi tu, kama watu wa Mombasa wanavyotania, lakini yeye lilimchoma. Angewezaje kuwaambia kwamba kila jioni anatamani asile? Na kilichomshangaza zaidi ni yule mzee. Asubuhi Babu Yeslam alikunywa chai kavu isiyo na sukari, akameza vidonge viwili, akaonja kipande cha mkate. Ikifika jioni anakula wali kama mpagazi. Barnabas aliwaza na kuwazua, hakupata jibu. Akajiambia labda wazee wa Pwani ndivyo walivyo.

Ijumaa moja ilipikwa biriani. Baadaye ikaja halwa. Babu alikata kipande akampa mgeni, akakata kingine akala yeye, ili mgeni asile peke yake. Alikila polepole kama anayemeza dawa. Barnabas alimwona, akakaza macho kwenye sinia.

Jumamosi asubuhi Babu Yeslam aliamka na kiu. Alikunywa maji gilasi nne mfululizo, akasema haoni vizuri, akataka kushuka ngazi aende dukani. Katikati ya ngazi akapepesuka. Kama si mwanawe, baba yake Zaki, kuwa nyuma yake angeporomoka mpaka chini. Alipofikishwa hospitali, daktari alimpima, akapima tena asiamini. Sukari ilikuwa imepanda vibaya mno. Wakamlaza.

Bi Alawiya alirudi jioni macho yamevimba. Alisema daktari ameuliza mara tatu mzee anakula nini, na yeye alijibu kwamba Baba hula kidogo sana, miaka yote hula kama ndege. Zaki aliyasikia hayo, akatoka, akamkuta Barnabas amekaa kwenye ngazi.

"Umefurahi sasa?" Zaki alimwambia. "Babu ana ugonjwa wa sukari. Alitukataza tusikwambie, usije ukaona haya kula mbele yake, nami nisimwambie Mama anavyokula. Na mwenyeji hanawi kabla ya mgeni. Kila siku anakula kwa ajili yako, nawe hushibi."

Barnabas alihisi ngazi inazunguka.  Zaki alipita akaenda zake.

Usiku ule alijaribu kuyapanga mambo kichwani, yakakataa kupangika. Yeye alikuwa akimngoja mzee. Mzee alikuwa akimngoja yeye. Nani basi aliyekosa? Mama yake alimfundisha vibaya? Haiwezekani. Na kama hakufundishwa vibaya, mbona mtu yuko hospitali? Alilia kimya, uso ndani ya mto, kwa sababu alimpenda yule mzee, na kwa sababu aliona aibu.

Jumatatu alimwendea Mwalimu Ruweida, aliyesimamia wanafunzi wageni. Alimwambia amekumbuka kwao, anaomba arudishwe Bungoma. Mwalimu akaweka kalamu chini, akamuuliza kama ndiyo sababu yenyewe. Barnabas akasema ndiyo. Mwalimu akamvutia kiti, akawa anamtazama tu, na macho yale yakamshinda kijana. Akamweleza yote, tangu kituoni mpaka kwenye halwa.

Mwalimu Ruweida hakucheka, ingawa midomo ilitaka. Alimuuliza habari hizi amemwambia nani mwingine. Hakuna. Na nyumbani kwa kina Zaki? Hakuna.

"Barua ya kukurudisha kwenu ni ya dakika tano," alisema. "Lakini ukiondoka leo, nyumba ile itabaki ikidhani ulikuwa mlafi, na mzee atabaki akidhani alikukirimu. Nenda ukamwambie. Kisha ukitaka kuondoka, nitaandika."

Babu Yeslam alitolewa hospitali siku ile ile. Barnabas alimkuta ameegemea mito, uso umepungua, Bi Alawiya yuko pembeni anamhesabia vidonge. Zaki alisimama dirishani akawapa mgongo. Barnabas akaushika mkono wa mzee na safari hii akaubusu barabara, bila kugonga kitu.

"Babu, nisamehe," alisema. "Mimi nilikuwa nashiba mapema."

"Ulikuwa unashiba?"

"Tangu siku ya kwanza. Kwetu mtoto hanyanyuki kabla ya wakubwa. Nilikuwa nakungoja unawe."

Mzee alijiinua kwenye mito. "Nami nilikuwa nakungoja wewe," alisema polepole.

Bi Alawiya alijiketisha kitandani, kichupa cha dawa mkononi. "Na mimi huko jikoni naongeza mchele," alisema.

Wakatazamana. Aliyeanza kucheka alikuwa Zaki, kule dirishani, mabega yakimtikisika. Akafuata Babu, akacheka mpaka akakohoa, ikabidi apewe maji. Barnabas hakujua acheke au alie, akajikuta anafanya yote mawili. Zaki akaja akaketi ubavuni pake. Hakuomba msamaha kwa maneno, lakini alimsukuma kwa bega, na Barnabas akaelewa.

Bi Alawiya ndiye aliyeacha kucheka wa kwanza. Aliwageukia wote kwa hasira ya mtu aliyepata hofu kubwa. Alisema wao wanacheka, yeye juzi alikuwa ameketi nje ya mlango wa wodi akidhani anafiwa na mkwewe. Kicheko kikakatika.

"Ana haki," alisema Babu Yeslam. "Barnabas, nisikilize, nawe Zaki. Kosa la kwanza ni langu, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa. Nilikuwa na maradhi nikayaficha. Wewe ulikuwa na shibe ukaificha. Tulificha kwa adabu, lakini kuficha ni kuficha. Adabu haimkatazi mtu kusema kweli, wala haitaki umdhuru mwenzako wala ujidhuru nafsi yako. Ukiwa kwa watu, jambo likakutatiza, uliza siku ile ile. Na ukipokea mgeni, usimwache abahatishe. Mwambie: hapa sisi hufanya hivi, kwenu je?"

Barnabas akaitikia kwa kichwa. Habari ya kurudi Bungoma hakuitaja, wala siku hiyo wala nyingine.

Jioni sinia lililetwa hapo hapo chumbani. Lilikuwa na samaki wa kuchoma, mchicha mwingi, na wali unaoweza kuhesabika punje. Barnabas alikula kwa raha kwa mara ya kwanza tangu aje. Alipotosheka, alimtazama Babu. Mzee alikuwa bado anachambua mwiba. Maneno ya mama yake yalimjia waziwazi, na mkono ukawa mzito.

"Nimeshiba, Babu," alisema, akanyanyuka.

Babu Yeslam aliondoa mkono wake papo hapo, akashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia. "Alhamdulillahi. Duha, lete maji."

Zaki aliwatazama, mashavu yamejaa. Akasema yeye bado.

"Kula, mjukuu wangu," Babu alimjibu. "Hakuna anayekungoja."

Muhula ulipokwisha, barua ilisomwa kule Bungoma, na nusu ya soko ilikuwepo kweli. Ilikuwa ukurasa mmoja, mwandiko wa Babu Yeslam mwenyewe. Aliandika kwamba kijana wao ana adabu, anajituma shuleni, na kubwa kuliko yote, husema kweli hata anapoogopa kuisema. Akamalizia kwamba kweli hiyo imemsaidia afya yake, na kwamba aje tena likizo ijayo.

Watu walipiga makofi. Mama yake alifuta machozi kwa ncha ya leso, kisha akamwinamia mwanawe sikioni.

"Ni kweli gani hiyo uliyomwambia mzee wa watu?"

"Kwamba nimeshiba, Mama," Barnabas alijibu.