Kiti Kilichopimwa kwa Mwili wa Mume Wangu

Jumapili ya kwanza ya Agosti, mwaka juzi, nilimpoteza Musyoka, kitindamimba wa mama yangu. Alifia ndani ya boti, katika bwawa moja upande wa Kajiado. Alikuwa na miaka ishirini na sita.

Mimi niko na miaka arobaini na moja. Ni fundi wa cherehani hapa Kitengela, na shule niliachia darasa la nane. Wasomaji wenzangu, nivumilieni... sijazoea kuandika mambo ya moyoni.

Mume wangu, Baba Ndanu, ni seremala. Lakini kazi aliyoipenda ni kuunda boti za mashindano. Si boti za kuvulia samaki! Hizi zimenyooshwa pande mbili kama miguu, na katikati chini kuna uwazi kama handaki. Boti ikishika kasi, upepo huingia humo na kuiinua, ikabaki inagusa maji kidogo tu. Dereva hukaa mbele, injini huning'inia nyuma. Uzito wa mbele ukipungua, pua hupanda na boti hupinduka kinyumenyume.

Aliziunda nyuma ya nyumba, kwa kibanda cha mabati, mahali ambapo hata maji ya kunywa tunanunua kwa mkokoteni. Ng'ombe walikuwa wakifa kwa ukame, yeye anapaka faibaglasi! Majirani walimcheka.

"Nuhu! Hiyo mvua inakuja lini?"

"Ikija msinigongee mlango!" aliwajibu.

Nami nilicheka pamoja nao... Laiti ningejua.

Miaka michache kabla ya hapo alikuwa amepinduka. Alivunjika mfupa wa bega, akatolewa majini akiwa hajui hata jina lake. Mama yangu alitoka Machakos kuja kumwona hospitalini. Baba Ndanu alimshika mkono, akaapa: "Mama, kuunda nitaunda. Kuendesha, basi."

Mwaka juzi alianza boti mpya. Aliniambia ni ya Musyoka, ambaye alikuwa akiishi kwetu na kumsaidia kupiga msasa. Akaniomba nishone mto wa kiti, vipimo akanipa mwenyewe. Nilipokata kitambaa nilishangaa. Musyoka alikuwa mwembamba, suruali zake nilikuwa nazipunguza kila mara. Kiti hiki kingetosha Musyoka wawili!

"Atavaa jaketi nene la kuokolea," Baba Ndanu alisema, bila kuniangalia. "Lazima kuwe na nafasi."

Musyoka alikuwa amesimama mlangoni. "Siz, labda nitanenepa," akasema, akacheka. Lakini kicheko chake kilikatika haraka.

Kwa nini sikuuliza zaidi? Mtu akishakula kiapo mbele ya mama yako, utamuuliza nini tena?

Jumapili hiyo nilitakiwa kwenye kikao cha akina mama wa kanisa. Kikaahirishwa. Jirani yangu Mama Wambo, ambaye huuza chai na mandazi kwenye mashindano, akaniambia pikapu yao iko na nafasi.

"Twende umwone bwana yako akikimbia!"

"Bwanangu hakimbii. Huunda tu."

Alinitazama, akanyamaza. Alinyamaza mpaka Isinya! Mtu ambaye hanyamazi hata pasta akiomba!

Tulipofika, upepo ulikuwa ukibeba vumbi na karatasi. Maji ya bwawa yalikuwa ya kahawia, yamejikunja. Mchungaji mmoja wa ng'ombe alitusalimu kwa Kimaasai, "Supa," kisha akaelekeza fimbo yake majini. "Leo hata ng'ombe wamekataa kuingia," akasema.

Ndipo nikamwona Baba Ndanu kando ya ile boti. Alikuwa amevaa helmeti, jaketi limefungwa mpaka shingoni! Naye akaniona. Akavua helmeti na jaketi, akamvisha Musyoka aliyekuwa kando yake.

"Nilikuwa najaribu kama inakaza," akaniambia.

Nilifurahi! Mungu anisamehe, nilifurahi kuona si mume wangu anayeingia.

Musyoka alikaa kitini, akafunga jaketi. Halafu akamwita kwa sauti ya chini, lakini nilisikia. "Shemeji, na mchanga?"

"Wewe endesha pole pole tu," Baba Ndanu alijibu.

Nilidhani ni mambo yao ya boti.

Mzunguko wa kwanza Musyoka alienda polepole kweli. Wengine wakampita. Watu ukingoni wakaanza kumzomea. "Nuhu, safina imezima! Shuka usukume!" Mzunguko wa pili, alipogeuka kuukabili upepo, nilisikia injini ikilia kwa nguvu...

Pua ilipanda. Taratibu, kama mtu anayeinua kidevu. Nikaona tumbo lote la boti, jeupe. Kisha ikaanguka kinyumenyume, na bwawa likawa kimya.

Walipomtoa, uzi wangu ulikuwa bado umeshika mto ule. Hakuna mshono hata mmoja uliofumuka.

Tulimzika kwa mama, Machakos. Baba Ndanu alisimama mbele ya watu akasema Musyoka alikuwa kijana mzuri, ila mkaidi. Kwamba alimwambia aende pole pole, akakataa. Mama yangu aliinama akasema, "Mtoto wangu..." Hakumaliza.

Boti ilirudishwa kwa lori. Nilipokuwa nikiosha matope kwenye mto wa kiti, swali la Musyoka lilinirudia. Nikaingia ndani nikamuuliza Baba Ndanu: mchanga gani?

Alifunga mlango kwanza. Kisha akaniambia. Boti aliipima kwa uzito wake mwenyewe. Mtu mwembamba alihitaji kuwekewa mfuko wa mchanga kwenye pua, na siku ile mchanga ulikuwa pale pale ukingoni, miguuni pake!

"Ningeuweka mbele ya macho yako, ungeuliza, ungejua boti ni yangu," akasema.

Mfuko wa mchanga tu! Ndugu yangu alikufa ili mimi nisijue! Na Musyoka naye alijua, akanificha, akakubali kukaa mahali pa mwingine. Ndugu zangu mnaosoma, msimfichie mtu uongo wake, hata kama ni shemeji mnayempenda. Na wewe uliyevunja kiapo, sema wewe mwenyewe, siku ile ile, hata kama watu wote wanasikia. Aibu utaizoea.

Mwezi uliopita mama alikuja kututembelea. Akiwa anakunywa chai, akaniuliza kwa upole kwa nini Musyoka hakusikia alipoambiwa. Karibu miaka miwili amelibeba hilo swali!

Nilimshika mkono nikampeleka kwenye kibanda, ambako boti ile bado iko, nikamwita Baba Ndanu. Nikamwambia, "Kaa kwa hicho kiti."

"Mama Ndanu, tafadhali..."

"Kaa."

Akakaa. Mabega, kiuno, mapaja, yote yalijaa sawasawa kama nguo iliyopimwa na fundi. Mama alimwangalia. Akaniangalia mimi. Akatazama tena kiti.

Kisha akajifunga leso vizuri, akatoka nje. Chai yake hakuimaliza.