Bomba la Saluni ya Malkia

Kila siku akitoka shule, msichana mmoja wa darasa la sita alipitia karakana ya baba yake kumpelekea chakula. Baba yake alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Mtaani wote walimwita msichana huyo Redio, kwa sababu mdomo wake ulikuwa hauzimwi. Mwalimu wake aliona mdomo huo una kazi, akamchagua asome risala mbele ya wazazi Jumamosi.

Alhamisi hiyo Redio alimkuta baba yake akibishana na mtu aliyeleta pipa lililotoboka.

"Lilikuwa na nini?" baba aliuliza.

"Petroli. Lakini ni tupu, fundi. Lina wiki nzima tupu."

"Sichomelei."

"Tundu dogo hivi! Dakika tano tu."

"Cheche moja ikiukuta mvuke uliobaki humo ndani, tunazikwa sote. Sichomelei."

"Basi nampelekea jirani yako. Yeye hana maneno mengi."

"Na akili hana. Mpelekee."

Mtu yule aliliviringisha pipa lake akaondoka akisonya. Redio alimtazama baba yake kwa mshangao. "Baba, umemfukuza mteja."

"Nimemfukuza akiwa mzima. Nipe chakula changu, uende huko saluni."

Mama alikuwa amemruhusu Redio aweke dawa ya kulainisha nywele kwa mara ya kwanza, apendeze Jumamosi. Saluni aliyoitaka ilikuwa ya mwanamke aliyejiita Malkia. Ilikuwa na vioo vitatu virefu, viti vyekundu vya kuzunguka na muziki uliosikika mpaka barabarani. Redio alikaa kwenye kiti akajizungusha mara mbili.

Malkia alichanganya dawa, kisha akafungua bomba la sinki. Bomba likakohoa, likatoa tone moja jekundu la kutu, likanyamaza. Malkia alilitazama akalifunga.

"Anti, maji hakuna?" Redio aliuliza.

"Yatakuja. Mwenye mkokoteni yuko njiani. Tulia nikupendezeshe."

Akaanza kumpaka.

Nasema wazi: mwanamke yule alijua. Dawa ile ni kali. Hulainisha nywele, lakini ikipitisha muda wake huanza kuila ngozi, na kinachoiondoa ni maji mengi. Anayeipaka kichwani mwa mtoto huku bomba ni kavu hajateleza. Ameamua. Hakutaka mteja aondoke, basi.

Haikupita robo saa Redio akaanza kujipinda kitini. "Anti, inawasha."

"Huwasha kila mtu. Vumilia." Malkia alikuwa na simu sikioni, akicheka.

"Anti, inaunguza! Naungua!"

Hapo ndipo Malkia alipokimbilia mlangoni. Mkokoteni haukuonekana. Alirudi na jagi la maji ya kunywa, halikufika hata nusu, akammiminia kichwani na kumfuta kwa taulo. Taulo lilitoka na nywele. Nyuma ya sikio la kulia palibaki kidonda chekundu chenye unyevu, ukubwa wa kiganja cha mtoto.

Redio alilia mpaka kwikwi. Malkia akamwinamia, sauti imekuwa ya asali. "Nyamaza, mrembo wangu. Usimwambie mama habari ya bomba. Mwambie ngozi yako ni laini. Kesho njoo nikusuke rasta bure, ndefu mpaka kiunoni. Hakuna atakayeona kitu. Sawa?"

Redio aliifikiria Jumamosi, akafikiria macho ya shule nzima. Akaitikia kwa kichwa.

Nyumbani mama alimfungua kitambaa alichojifunika kichwani, akapiga ukelele. "Amekufanya nini huyu mwanamke?"

"Ngozi yangu ni laini, mama."

Baba alikiinamia kidonda akakitazama. Mikono yake imejaa makovu ya moto, anajua kuungua. Alimkalisha mwanawe uani akammiminia maji safi polepole, ndoo moja, kisha ya pili. Mishipa ya shingo ilikuwa imemsimama. "Ngozi laini," alisema. "Ngozi laini, eti!" Redio akawa redio iliyozimwa. 

Ijumaa hakwenda shule. Mama alimfunga kitambaa, wakatoka kutafuta msusi mwingine. Mama alitaka mtu wa kuaminika. Redio alitaka rasta tu, kutoka kwa yeyote.

Saluni ya kwanza, msusi hakuinua hata macho. "Kidonda? Kinafunikika. Kaeni." Ya pili, msusi alikuwa ameshashika kitana. "Rasta nyembamba, kwa saa nne tu, anapendeza kama bibi harusi."

"Hujakiangalia hata kichwa chenyewe!" mama alifoka. "Unamsuka nani, mtoto au kitambaa?" Akamvuta Redio mkono wakatoka, Redio akilalamika kwamba risala ni kesho.

Mtaa wa tatu, barazani kwa mwanamke aitwaye Mama Pacha, hapakuwa na kioo kirefu wala muziki. Palikuwa na viti viwili vya plastiki, na pipa la bluu lenye mfuniko, limejaa maji. Mama Pacha alikuwa na uso wa mtu aliyeamshwa usingizini. Alinawa mikono kwa sabuni, akatenganisha nywele za Redio kwa ncha za vidole, akainama akatazama kwa muda mrefu.

"Sisuki," alisema.

Redio alilipuka. "Kesho nasoma risala! Wenzako wote wamekubali!"

"Nenda kwao. Nikizivuta nywele hizi, zilizobaki zitang'oka, na kidonda kitatunga usaha chini ya rasta. Sisuki hata ukinipigia magoti. Mnaanza zahanati. Mkirudi nitazikata zote, fupi na sawasawa, zianze upya pamoja."

Redio alifungua mdomo ajibu, na hapo akamkumbuka baba yake na lile pipa la petroli, na alivyosema: Nimemfukuza akiwa mzima. Akaufunga mdomo.

"Dawa hii walikuosha kwa maji gani?" Mama Pacha aliuliza.

Redio aliangalia sakafu. "Ya jagi."

"Jagi gani?"

"La kunywa. Bomba lilikuwa kavu. Malkia alilifungua kabla ya kunipaka, nikaona. Akasema nikinyamaza atanisuka rasta bure."

Mama alikaa kitini kama aliyesukumwa. "Yaani tangu jana unajua! Mimi nahangaika, baba yako hajalala, na wewe unamfichia aliyekuchoma! Kwa sababu ya rasta!"

 Redio alikuwa amekosa, na alijua.

Zahanati, muuguzi alikisafisha kidonda akampa mafuta ya kupaka. Waliporudi, Mama Pacha alifanya kama alivyosema: alikata nywele zote fupi bila kugusa palipoungua. Kisha mama alimpitia baba karakana, wakaenda watatu kwa Malkia.

Kwenye kiti chekundu alikuwa amekaa dada mmoja, nusu ya kichwa imeshapakwa dawa nyeupe.

"Umemchoma mwanangu," baba alisema.

Malkia alicheka kidogo, akiwatazama wateja. "Mzee, kila ngozi na mambo yake. Mtoto mwenyewe anajua ngozi yake ni laini. Si ndiyo, mrembo?"

Wote walimgeukia Redio.   Yeye alikwenda moja kwa moja kwenye sinki akafungua bomba mpaka mwisho. Likakohoa. Hakikutoka kitu.

"Dada," Redio alimwambia yule mteja, "umeshaanza kuwashwa?"

Mteja aliruka kama aliyekalia kaa la moto. "Maji hakuna? Wewe mwanamke, umenipaka na maji hakuna?"

"Yako njiani..."

"Njiani wapi? Kichwa changu kinawaka!"

Mama alimshika dada mkono wakakimbia naye hadi kwa Mama Pacha, taulo shingoni, dada akitukana mtaa mzima.  Mama Pacha alifunua pipa lake akaanza kumwosha.

Kule saluni Malkia alibaki mlangoni akimpigia baba kelele. "Mnaniharibia biashara!"

"Umeiharibu mwenyewe!" baba alijibu. Hakuishia hapo. Alikwenda ofisi ya afya ya mji siku hiyohiyo, na yule dada alikwenda pia, nywele zikimchuruzika maji. Saluni ikafungwa mpaka itakapowekwa tangi. Malkia hakuomba radhi hata kwa neno moja. Watu wa namna hiyo wapo.

Jumamosi Redio alipanda jukwaani na kichwa chake kifupi, bandeji nyuma ya sikio. "Kipara!" mtu alizomea kutoka nyuma. Redio aliinua karatasi. "Kichwa mtakitazama nikimaliza. Sasa sikilizeni." Wazazi wakacheka, akasoma risala yote bila kukwama.

Njiani kurudi nyumbani baba alisema, "Nisikilize. Msusi, fundi, daktari, yeyote unayemkabidhi mwili wako, usimpime kwa vioo vyake. Mpime kwa anachokuambia wakati anaweza kukukosa kama mteja. Anayekubali kila kitu anataka pesa yako ya siku moja tu. Na wewe ukiona bomba kavu, sema palepale. Ulinyamaza kwa sababu ya rasta, na kidogo tu mtu wa pili aunguzwe. Umenielewa?"

"Nimeelewa, baba. Na yule mtu wa pipa la petroli?"

Baba alijikuna shingo. "Jirani naye alimkataa. Akili anazo. Nimeshamwomba radhi."

Wiki nane baadaye nywele zilikuwa zimeota, hata nyuma ya sikio. Redio alifika barazani kwa Mama Pacha asukwe. Kabla ya kukaa, alikwenda kwenye pipa la bluu, akainua mfuniko, akachungulia.

"Unanikagua?" Mama Pacha aliuliza, uso umekunjwa vilevile.

"Ndiyo, Mama Pacha."

"Vizuri. Kaa."