Ukuta wa Chumba cha Bibi Philomena

Kila asubuhi Fabiola alikamua ng'ombe kwanza, kisha akawasha moto na kukoroga uji. Kikombe cha kwanza kilikuwa cha mama mkwe wake, Bibi Philomena, aliyelala katika chumba cha pembeni.

Nyumba yao ilikuwa katika kijiji cha Daudi, kwenye milima ya Mbulu. Ilikuwa ya tofali za udongo, yenye msingi wa mawe na paa la bati. Nikolausi, mume wa Fabiola, aliijenga kwa mshahara wake. Alikuwa dereva wa kombaini, mashine ya kuvunia, kwenye mashamba ya ngano ya serikali, kule Hanang. Nyumbani alikuja wakati wa likizo tu.

Asubuhi moja ya Desemba, mwaka 1985, Fabiola aliingia na uji akamkuta Bibi Philomena amejikunyata katikati ya kitanda. Juu ya blanketi, upande wa miguu, kulikuwa na bonge la udongo kubwa kama mkate.

"Shikamoo, mama. Hili limeanguka saa ngapi?"

"Marahaba, mwanangu. Sasa hivi. Bahati nilikuwa nimekunja miguu."

Fabiola aligusa ukuta. Ulikuwa baridi na umelowa. Alipobonyeza, kidole kilizama. Kona nzima ya chumba ilikuwa imevimba kuelekea ndani. Ukuta ule ungeanguka, ungemwangukia mama.

Siku hiyohiyo walihamishia kitanda sebuleni. Nikolausi, aliyekuwa likizo, akachota udongo ili apige lipu. Ilikuwa mara ya tatu kuipiga lipu kona hiyo.

"Hizi ni tofali za kaka yako," alisema bila kumtazama mkewe. "Alizifyatua kwa udongo mbaya. Nilisema na ninasema tena."

Tofali za nyumba hiyo zilifyatuliwa na Tluway, kaka yake mkubwa. Mwaka uliopita, baada ya misa, Nikolausi alimwambia Tluway mbele ya watu kwamba kazi yake ni ya ovyo. Tluway alivaa kofia yake akaondoka, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena kwa dada yake. Fabiola alikuwa akimwona njiani tu, na mazungumzo yao yalikuwa mafupi.

Mchana mvua ikanyesha. Nikolausi aliacha lipu akaingia ndani. Fabiola alijifunika gunia kichwani akatoka nje.

"Unakwenda wapi na mvua hii?" Nikolausi aliuliza.

"Kuangalia huu ukuta unaloweshwa na nini."

Alisimama mbele ya kona ile akatazama juu. Chini ya ukingo wa paa kulikuwa na gata, yaani mfereji wa bati unaopokea maji ya paa. Maji yalitakiwa kukimbia ndani ya gata hadi kwenye bomba la kuyashusha chini. Lakini bombani yalitoka matone tu. Gata lilikuwa limejaa pomoni. Maji yalifurika upande wa nyuma, yakateremka ukutani kama kijito. Na ndani ya gata kulikuwa na majani mabichi yaliyosimama.

"Baba Letisia!" alimwita mumewe kwa jina la mtoto wao. "Njoo uone!"

Nikolausi alitoka, akatazama, akakunja uso. "Gata ni zima. Nililifunga mwenyewe."

"Ni zima, sawa. Mbona maji yanapita ukutani?"

Nikolausi alikinga kiganja chini ya bomba.

Kesho yake, jua lilipotoka, Fabiola alikwenda kumwita Mzee Akonaay. Huyu alikuwa fundi bati. Alitengeneza ndoo, makarai na magata, na watu wengi walimtegemea. Alikuja na ngazi, nyundo na mkoba wake. Hakuiegemeza ngazi kwenye gata. Aliiegemeza ukutani, mahali pakavu, akamwambia Nikolausi aishike kwa mikono miwili.

"Gata si la kuegemewa," alisema. "Litapinda, na wewe utaanguka."

Alipanda. Akachota tope kwa mkono na kulitia kwenye ndoo. Kulikuwa na majani ya mkaratusi, kiota cha ndege na vumbi lililogeuka udongo. Kisha akacheka, akainua kitu juu. Kilikuwa mche wa ngano, na mizizi yake.

"Nikolausi! Mashamba ya Hanang hayakukutosha? Umefungua lingine hapa juu?"

Fabiola alicheka hadi akajishika kiuno. Ndege walikuwa wameokota punje za ngano kwenye gunia alilokuja nalo mumewe kutoka Hanang, wakaziangusha ndani ya gata. Nikolausi naye alicheka, lakini kidogo.

Mzee Akonaay alimwaga maji safi ndani ya gata. Yakatulia.

"Unaona? Maji hayajui pa kwenda. Gata hili limelala sawasawa."

"Nililifunga sawa makusudi, mzee. Ili lipendeze."

"Limependeza, lakini halifanyi kazi. Gata lazima literemke kidogo kuelekea bombani. Kila hatua moja ndefu, lishuke upana wa kidole. Mtu akiwa chini hataona, lakini maji yataona. Tena vishikizo vyako vya kulibeba vimeachana mno. Gata likibeba maji linalegea katikati. Weka kishikizo kila hatua moja."

"Na haya matundu?" Fabiola aliuliza. Alikuwa ameona mwanga ukipenya.

"Kutu hiyo. Tunaisugua kwa brashi ya waya mpaka bati ling'ae. Tundu dogo tunaliziba kwa lami ya moto. Kubwa tunaliwekea kiraka cha bati."

Kisha mzee alishuka akaonyesha mdomo wa bomba. Chini yake kulikuwa na shimo, na mawe ya msingi yalionekana.

"Hapa napo maji yanakula nyumba kwa chini. Ongezeni bomba, kisha mchimbe mfereji uyapeleke mbali, hatua tatu au zaidi."

"Na ukuta?" aliuliza Nikolausi. "Nimeupiga lipu mara tatu."

"Lipu juu ya ukuta uliolowa haishiki. Uache ukauke kwanza. Kona iliyovimba ibomoe ujenge upya." Alibandua kipande cha tofali kutoka sehemu kavu ya ukuta, akakigonga kwa nyundo. Hakikuvunjika. "Tofali hizi ni nzuri. Nani alifyatua?"

Fabiola aliangalia chini.

"Shemeji yangu, Tluway," Nikolausi alisema taratibu.

Walifanya kazi siku mbili. Walifunga kamba kutoka mwanzo wa gata hadi bombani ili wapate mteremko, wakaongeza vishikizo, wakaziba matundu. Mdomoni mwa bomba wakaweka wavu wa waya kuzuia majani.

Jumapili, baada ya misa, Nikolausi hakwenda nyumbani. Alimfuata Tluway aliyekuwa amesimama na wanaume wengine. Fabiola alibana kitenge chake akasikiliza.

"Shemeji," Nikolausi alisema kwa sauti ya kusikika, "nilikutukana hapahapa, mbele ya watu hawa. Tofali zako hazina kosa. Kosa ni langu, nilifunga gata vibaya. Naomba unisamehe. Na naomba uje unijengee kona."

Tluway alivua kofia yake.

"Zinahitajika tofali ngapi?" aliuliza.

Ukuta ulipokauka, Tluway alikuja akabomoa kona na kuijenga upya. Lipu ilipigwa mwisho, na kitanda cha Bibi Philomena kikarudishwa chumbani.

Nikolausi alirudi Hanang. Kabla ya masika, Fabiola alipanda ngazi mwenyewe, wifi yake Kornelia, mke wa Tluway, akiishika, akasafisha gata. Alifanya hivyo tena mvua zilipoendelea. Majirani walioona wakaanza kumuuliza, naye akawaonyesha.

Nikolausi alipata ruhusa ya Pasaka akaja. Jumatatu ya Pasaka, Tluway na Kornelia walialikwa. Walikula chumbani kwa Bibi Philomena, maana alitaka wageni wake wakae huko. Walipokuwa wanakunywa chai, mvua kubwa ilipiga bati hadi wakashindwa kuongea.

Nikolausi aliinuka, akaweka kiganja ukutani kwenye kona. Akakisogeza juu, akakisogeza chini. Pakavu.

Tluway alimvuta shati.

"Kaa, shemeji," alisema kwa sauti ya juu kuishinda mvua. "Chai inapoa."